Eda Katika Nyumba ya Maonyesho

Mzungu aliyejenga zile nyumba za mapumziko Kichangani alikuwa na jina refu ambalo hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka, basi tukamwita Bwana Tumbaku kwa sababu ya kiko chake. Alikuwa amelima mkonge miaka mingi huko upande wa Muheza, akachoka, au mkonge ulimchoka yeye, akauza shamba akaja pwani na wazo lake. Aliona kwamba Wazungu wa mashambani, na wale wa Lushoto na Nairobi, wakishuka baharini kupumzika hawataki kulala katika nyumba kama zao. Wanataka nyumba za watu wengine, ila ndani yake wakute kitanda chao, choo chao na chai yao ya saa kumi.

Akajenga nyumba tatu. Ya kwanza ikaitwa Nyumba ya Sultani, ya pili Boma la Wamasai, na ya tatu Nyumba ya Waswahili. Hiyo ya tatu ndiyo iliyotuingiza sisi katika mambo yake.

Nitasema kweli, maana sina sababu ya kumpendelea mtu: zilikuwa nyumba mbaya. Nyumba ya Sultani ilikuwa na kuba lililosukwa kwa waya wa kufugia kuku, likapigwa saruji nyembamba na kupakwa chokaa, na kwa mbali ungedhani ni yai lililokaliwa na mtu. Mlango wake wa nakshi ulichongwa na fundi wa Ngamiani, tena kazi safi, lakini aliyepima mlango na aliyepima ukuta hawakuonana, kwa hiyo haukufunga hata siku moja. Boma la Wamasai lilikuwa vibanda vya mviringo vya saruji, havina dirisha, ati kwa kuwa Mmasai hana dirisha. Mmasai anakaa kwenye baridi yake. Hapa ni Tanga. Wageni waliingia humo mchana na masanduku yao, na baada ya muda mfupi wametoka wamekaa chini ya minazi, nyuso nyekundu, wanamwuliza mpishi kama hakuna pengine pa kulala. Mpishi huyo, Methusela, Mshambaa wa Bumbuli, ndiye aliyenihadithia habari ya bibi mmoja wa Nairobi aliyekaa juu ya sanduku lake akalia, mkononi ana karatasi yenye picha ya nyumba aliyoahidiwa, akirudia kusema kwamba hii siyo.

Lakini nyumba tunayoijua sisi ni ile ya tatu. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, wanaume wakae na wapita njia wasalimiwe. Ina ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Na nyuma ina ua uliozungushiwa makuti, na huko uani ndiko kuliko na jiko, choo na maji, na wanawake wamekaa vichwa wazi wanasema wanayotaka. Ukiondoa ua umeondoa nusu ya nyumba, na ndiyo hiyo nusu ninayoishi mimi. Bwana Tumbaku aliuondoa. Alisema makuti yangewaziba wageni wasione bahari. Jiko akalileta mbele, barazani, ili moshi na kinu vionekane. Madirisha akayafanya mapana kama ya duka, bila mbao za kufungia. Choo kikapelekwa mbali, ng'ambo ya uwanja wenye meza za chai, kwa kuwa choo hakipendezi katika picha.

Nilipokwenda kuiona mara ya kwanza nilicheka mpaka dada yangu Mwamvua akanifinya. Alikuwa ndiye anayehamia humo, yeye na mumewe Hatibu, na hakupenda nyumba yake ichekwe. Kwani wageni walikataa kulala mle ndani, kila mtu anapita anachungulia, na Bwana Tumbaku akaona afadhali iwe ya kutazamwa tu, na ya kutazamwa lazima iwe na watu. Akamwajiri Hatibu awe mlinzi wa mahali pote, na malazi yake yawe humo. Mwamvua atwange, akune nazi, asuke mikeka, kama ambavyo angefanya popote.

Mkinilaumu kwamba sikumzuia, mtakuwa hamkumjua shemeji yangu. Kichangani palikuwa pao. Minazi ile iliyowapa wageni kivuli ilipandwa na babu yake, na nyumba ya baba yake ilisimama pale pale lilipojengwa lile kuba. Ami zake walipauza yeye akiwa kibarua Pangani, wakagawana, wakatawanyika, na aliporudi alikuta vigingi vya kupimia ardhi. Mtu mwingine angechukia akaondoka. Hatibu alikwenda kuomba kazi ya ulinzi, akasema minazi haijui imeuzwa. Alikuwa mtu mpole kupita kiasi, na upole wake ulikuwa ukiniudhi, Mungu amrehemu.

Alikufa katika mvua za vuli, mwaka wa hamsini na nne. Kuba lilikuwa limepasuka na maji yanamdondokea mgeni kitandani. Mgeni alilalamika, Bwana Tumbaku akamwagiza Hatibu apande na ndoo ya lami azibe ufa. Saruji ile ilikuwa imelowa, na waya ulio chini yake umeliwa na kutu. Ikakatika naye. Alianguka mpaka sakafuni katikati ya nyumba ya baba yake, yaani mahali ilipokuwa, na hakusema neno tena. Bwana Tumbaku alilia, nilimwona kwa macho yangu. Alileta sanda ya bafta nzuri, akasimama nyuma kabisa makaburini na kofia mkononi. Nawaambieni haya ili mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi nimetamani angekuwa mbaya, ningejua pa kuelekeza hasira zangu.

Tulipomaliza kuzika, pakawa na jambo la eda. Mjane anakaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii wanja wala manukato, haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Hilo kila mtu kwetu analijua. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa ya kazi, na mwenye kazi amekufa. Na ni nyumba ambayo hata kuku hawezi kujificha ndani yake.

Kaka yetu Mwinyijuma alikwenda kumwuliza maalim wa Mabawa. Maalim akasema ikiwa nyumba ina madhara kwake, au mwenye nyumba anamtoa, basi ahamie penye stara, hana dhambi. Mimi niliposikia hivyo nilianza kukunja mikeka. Nilikuwa na chumba kimoja Ngamiani, nakaa na mume wangu na mama mkwe wangu, lakini nilisema tutabanana. Mwamvua alinitazama nikikunja, hata ukatimia mkeka wa pili, ndipo akasema kwa sauti ya chini.

"Chiku, mimi nikitoka hapa sirudi tena. Hatibu yuko hapo nyuma, na minazi yao hii hapa. Niombeeni nikae."

Hakuwa ameomba kitu maishani mwake, dada yangu. Hakujaliwa mtoto, hakuwa na dhahabu, na mume alikuwa na huyo mmoja. Basi tukaenda kuomba.

Mwinyijuma alikuwa karani bandarini na Kiingereza chake kilikuwa cha kusifiwa. Alivaa koti. Alimweleza Bwana Tumbaku habari ya eda tangu mwanzo hadi mwisho, na alieleza vizuri mno, kwa sababu alitaka yule mtu aone kwamba si ukaidi wa wanawake bali ni jambo zito lenye heshima yake. Akamweleza kwa nini mjane hajipambi, kwa nini hatoki, kwa nini sauti yake inapunguzwa, na namna siku ya mwisho anavyooshwa na kuvishwa nguo mpya. Bwana Tumbaku alitoa kiko mdomoni. Alisikiliza kama mtu aliyeko kanisani. Kisha akasema akae, akae mpaka amalize, na akatupa jora la kitambaa cheupe tushone mapazia ya yale madirisha. Tulimshukuru. Kaka yangu alirudi mjini anatembea kifua mbele, na mimi nilimwona mkubwa siku ile.

Wiki iliyofuata nilikuta kibao kimesimikwa mbele ya baraza. Kimeandikwa kwa rangi, herufi nzuri za kupinda. Methusela alisimama kando yangu akanisomea kwa Kiswahili, polepole, huku akitazama chini kama yeye ndiye aliyeandika. Kilisema kwamba ndani ya nyumba hii yumo mjane wa Kiswahili katika maombolezo yake ya kale. Kikaeleza yote. Kila alilolisema kaka yangu lilikuwamo, hata habari ya wanja.

Wanaume wasiingie, ndivyo kilivyomalizia. Mabibi wanakaribishwa.

Nilimfuata Bwana Tumbaku mbio, Methusela akitafsiri. Nilisema mengi, na sidhani Methusela alitafsiri hata nusu yake, ana mke na watoto. Bwana Tumbaku alishangaa kweli kweli. Alisema ameweka sharti la wanaume kwa ajili ya heshima yetu. Akauliza kama ni mwiko mwanamke kumtembelea mwanamke mwenye eda.

Mtu akikuuliza swali kama hilo utasema nini? Si mwiko. Wanawake kuja kumpa pole mjane ni jambo jema, tena lina thawabu. Nilisimama mbele yake nimefungua mdomo, mimi ambaye Ngamiani nzima wananijua kwa mdomo, na Methusela akaniambia taratibu, twende zetu mama, twende.

Ikaja Krismasi. Hata wale waliokimbia joto la Boma la Wamasai na waliodondoshewa maji na kuba la Sultani sasa walikuwa na kitu cha kwenda kusimulia kwao. Methusela alisema wakiwa mezani hawazungumzi kingine. Walikuwa wakisema kila kitu hapa ni cha kuigiza isipokuwa yule mama. Waliingia wawili wawili, mabibi wa kofia pana, wakakaa kwenye ukingo wa kitanda alichokuwa akilala na mumewe, wakamtazama. Wengine walikuwa na huruma ya kweli. Mmoja alimshika mkono akalia naye, na Mwamvua akampangusa machozi kwa upindo wa kanga, maana mgeni akilia nyumbani kwako utafanyaje. Mwingine alileta peremende. Wengi walileta kamera.

Na choo kilikuwa kule kule. Mwanamke mwenye eda akitaka kwenda haja, alikuwa hana budi kuvuka uwanja wa meza za chai. Sisi tuliokuwa tukishinda naye, mimi, Bi Mwanatumu aliyekuwa somo yake tangu unyago, na majirani wawili, tulishika kanga pembe nne juu ya vichwa na ubavuni, yeye akatembea katikati. Tulikwenda hivyo, hema la kanga lenye miguu kumi, na wageni wakaacha vikombe. Siku ya kwanza mtu mmoja alipiga makofi, akidhani ni ngoma. Bi Mwanatumu, mtu mzima mwenye mvi, alinong'ona kwamba tusitazame huku wala huku. Baadaye Mwamvua akaacha kunywa maji mchana. Midomo ilimkauka mpaka ikapasuka, na hakutuambia sababu, tukaigundua wenyewe.

Nilijaribu kila nililoliweza. Nilishona mapazia mara mbili unene. Bwana Tumbaku akaomba kwa adabu yafunguliwe asubuhi, hewa iingie, kwa faida ya mjane mwenyewe. Mume wangu na kaka walileta makuti wakaanza kuzungusha ua nyuma. Hawakuwa wamemaliza upande mmoja, akaja akasimama, akasema samahani, bahari. Alisema ukuta utakuja kujengwa, mzuri, amekwisha kuuchora. Mwinyijuma alikwenda kuzungumza naye tena na kile Kiingereza chake, na kila alipoeleza zaidi kwa nini jambo lile linatuumiza, yule mtu alizidi kupendezwa. Hatimaye kaka aliacha kwenda. Alisema maneno yake yanamfikia Mzungu yule na kugeuka kibao. Akawa hata kwangu haji, kwa haya.

Mimi nilikuwa nikirudi Ngamiani jioni, namwangalia mama mkwe amelala na mume wangu anakula, nasikia uchungu wa mtu aliyefungwa mikono huku anaona mwenzake anazama. Sikuwa na la kufanya. Nimelifikiria tangu wakati ule hadi leo na bado silioni.

Eda ilimalizika siku chache kabla ya Pasaka. Niliingojea siku ile kuliko yeye. Bi Mwanatumu alikuja alfajiri, akamwosha ndani, kwenye beseni, sisi tumesimama madirishani na kanga. Akamvisha doti mpya niliyomnunulia, nyekundu na njano, tukamtia wanja, tukamfukiza udi na ubani mpaka chumba kikanukia kama cha harusi. Zile nguo alizokaa nazo eda, kanga mbili zilizopauka na kisutu kilichokwisha rangi, Bi Mwanatumu akazifunga furushi akaenda nazo kwake, kwa kuwa nguo za eda ni haki ya aliyemwosha mjane. Mwamvua alikuwa mzuri. Nilikuwa nimesahau. Alipiga hatua mpaka barazani, akasimama juani na macho amefumba, na kwa mara ya kwanza tangu vuli alinyoosha mgongo.

Bwana Tumbaku alikuja na Mwinyijuma. Alikuwa amemtumia ujumbe bandarini kwamba anamhitaji kwa mazungumzo. Alipomwona Mwamvua katika zile nguo alisita, kama mtu aliyeletewa sahani isiyo yake. Kisha akasalimu vizuri, akampongeza. Akasema amepata mlinzi mpya, mtu wa Pangani mwenye mke na watoto, atakuja mwisho wa mwezi, na malazi ya mlinzi ni haya. Alisema inamsikitisha. Akapekua mifuko akitafuta kiberiti, na kaka yangu akasubiri atafsiri.

Halafu akasema kwamba wageni wa Pasaka wameanza kuingia, na wengi wao wamekuja kwa sababu ya habari walizosikia Krismasi. Kama mama atapenda kuendelea kukaa kama alivyokuwa amekaa, mavazi yale yale na mambo yale yale, nyumba itabaki yake kwa muda wote atakaokaa hivyo. Mlinzi wa Pangani atajengewa kibanda nyuma ya jiko la wageni.

Mwinyijuma hakutafsiri. Alisema kwa Kiswahili, "Anatutukana. Twende zetu."

"Amesema nini?" Mwamvua akauliza.

Ilinibidi nimlazimishe kaka kusema, maana dada yangu alikuwa na haki ya kujua. Akasema, uso ameugeuzia kwenye minazi. Mimi nikaingilia kati hata kabla hajamaliza. Nilimwambia Mwamvua kwamba eda imekwisha, kwamba kukaa eda isiyokuwapo ni kufanya mzaha na dini na marehemu, kwamba hakuna mwanamume atakayeposa mwanamke aliye mjane kwa mshahara, kwamba chumba changu kipo na godoro nimekwisha kuliazima. Nilisema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza tangu tukiwa watoto, nikigomba na yeye akingoja.

"Huko kwako nitakaa mpaka lini?" akauliza.

Nilisema mpaka Mungu atakapofungua njia. Alimtazama mama mkwe wangu bila ya mama mkwe kuwapo pale, nami nikajua anachokiona: godoro ukumbini, miguu ikirukwa kila asubuhi, mwaka, na mwaka mwingine. Kisha akageuza kichwa upande wa nyuma ya nyumba. Makaburi yalikuwa hatua chache tu, na kwa kuwa hapakuwa na ua, ungeweza kuyaona kutoka barazani.

Alimwambia kaka amjibu Bwana Tumbaku kwamba amekubali.

Bwana Tumbaku alifurahi, akamshukuru, akaahidi ule ukuta. Aliondoka kwenda kuwapokea watu waliokuwa wakishuka garini. Mwinyijuma aliondoka bila kuniaga. Mwamvua akaingia ndani, akakaa kitandani, akachukua kitambaa, akaanza kujifuta wanja. Ulikuwa mpya na ulikuwa hautoki vizuri, ukamwenea mashavuni.

"Chiku mdogo wangu," akasema, "nenda kwa Bi Mwanatumu. Mwambie naomba nguo zangu."

Nilitaka kukataa. Nilisimama mlangoni nikitafuta namna ya kukataa, na nje nikawasikia mabibi wawili wanakuja wakizungumza, wanasoma kibao kwa sauti. Nikateremsha pazia nikaenda. Nilikwenda kwa miguu hadi mjini, jua la saa sita, nikipanga njiani maneno ya kumwambia yule mama mtu mzima, namna ya kumwomba haki yake airudishe. Nilipofika alikuwa ameketi uani kwake, amekwisha kuzifua, zimeanikwa kwenye kamba. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama usoni. Alinyanyuka, akazianua bado mbichi, akanikunjia moja moja.